Ninaigiza watu tisa peke yangu, mbona onyesho halisimami?

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26, mkazi wa Kisauni, Mombasa. Tangu nimalize shule nimekuwa katika kikundi cha waigizaji kinachozunguka shule za upili za Pwani kuigiza tamthilia zinazotahiniwa, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha hadi sasa. Mwaka huu nimejiunga na kozi ya uigizaji ya ngazi ya juu, ambayo sharti lake la mwisho ni kwamba kila mwanafunzi aandike na kuigiza onyesho la mtu mmoja lisilopungua dakika 40.

Nimechagua kisa cha mama mkubwa wangu. Mumewe alikuwa baharia. Aliondoka na meli kutoka bandari ya Kilindini watoto wao wakiwa wangali wadogo, akatuma pesa kwa muda, kisha akanyamaza, na baadaye zikaja habari kwamba ameoa ng'ambo. Mama mkubwa akaanza kuuza mahamri na mbaazi kila asubuhi karibu na kivuko cha Likoni, na kwa biashara hiyo akawasomesha watoto wake wote. Onyesho langu linaanza hivi: "Niliolewa nikiwa msichana mdogo. Mume wangu alikuwa baharia. Siku moja aliondoka na meli, hakurudi tena." Kisha ninaigiza watu tisa: yeye mwenyewe, mumewe, mama mkwe, kadhi, jirani mwenye maneno mengi, manamba wa matatu, mtoto wa shule, mzee muuza kahawa na karani wa bandari. Kila mmoja ana kofia au leso yake na sauti yake.

Wenzangu hucheka sana dakika kumi za kwanza, hasa nikiwa jirani au manamba, lakini baada ya hapo naona mabega yanalegea na simu zinatoka mifukoni. Mwalimu wetu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniambia hivi tu: "Ufundi wako tumeuona. Hatujaona ni kwa nini huyu mama anasema." Nilitikisa kichwa kana kwamba nimeelewa, nikaona haya kumuuliza. Tena nikimaliza mazoezi sauti huwa imekwaruza, na asubuhi yake nazungumza kwa kunong'ona.

Kuna jambo jingine linaloninyima usingizi. Mama mkubwa alinisimulia kisa hicho tukiwa jikoni kwake, sisi wawili tu, wala sikumwambia kwamba nitakipandisha jukwaani. Mtoto wake wa mwisho amempenyezea habari. Tangu hapo hunikaribisha kama kawaida, hunipa chai, lakini suala hilo haligusi kabisa. Mama yangu ananiambia niachane na kisa cha watu. Na wenzangu wa kikundi wanasema kwamba bila kwenda Nairobi kusomea shahada ninapoteza wakati. Naomba unishauri.

Msomaji wa Kisauni

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na neno la mwalimu wako, kwa sababu mengine yote uliyoyauliza yanaligusa. Umenieleza kwa ukamilifu nani anavaa kofia gani, lakini katika barua nzima hukuniambia mama huyu anazungumza na nani, yuko wapi anapofungua kinywa, na ni kitu gani kitakachoharibika endapo atanyamaza. Nadhani hukuniambia kwa kuwa hujaamua. Mtu aliyelificha jambo kwa miaka mingi halisemi ghafla kwa sababu tu taa za jukwaa zimewashwa na watu wamekaa kimya. Halisemi mpaka abanwe, na anambwagia mtu fulani ambaye anataka kumfanya aamini, au aache, au asamehe jambo. Huyo mtu ndiye asiyeonekana katika onyesho lako.

Nakisia pia tabia hiyo umeitoa wapi, na sikulaumu. Uigizaji wa vitabu vya mtihani ni chuo kigumu kuliko watu wanavyodhani: mnaigiza katika bwalo lenye mwangwi, mbele ya mamia ya wanafunzi ambao wakitoka hapo wanatakiwa kuandika sifa za wahusika, na kwa hiyo kila mhusika lazima atambulike mara tu anapoingia, kwa sauti kubwa na ishara pana. Mlevi anapepesuka, tajiri anatanguliza tumbo. Ndiyo maana jirani yako na manamba wako wanachekesha: wametambulika. Lakini mtu akishatambulika, na ikawa hana analolitaka kwa mwenzake, hadhira haina tena cha kungojea. Dakika kumi ni muda mrefu kwa utambulisho peke yake, na hao wanaotoa simu wamekuvumilia vya kutosha.

Konstantin Stanislavski, mwelekezi wa tamthilia Mrusi aliyeishi kati ya 1863 na 1938 na ambaye bila shaka kozi yenu inamtaja, alimtaka mwigizaji aulize katika kila sehemu ya mchezo mhusika anataka nini na nini kinamzuia. Katika tamthilia ya watu wengi swali hilo hujibika nusu yake bila wewe kujua, kwa kuwa mwenzako yupo mbele yako, anakukatiza, anakugeuzia uso, nawe unalazimika kumfuata. Ukiwa peke yako hakuna wa kukulazimisha, na ni rahisi sana kuteleza ukawa unatoa taarifa. Taarifa iliyochangamshwa kwa kofia tisa inabaki kuwa taarifa.

Waliofaulu katika aina hii ya kazi walimtafuta msikilizaji kwanza. Mwandishi Mrusi Anton Chekhov aliandika mwaka 1886 mchezo mfupi wa mtu mmoja ambamo mume aliyeamrishwa na mkewe anasimama mbele ya watu kutoa mhadhara juu ya madhara ya tumbaku, naye kila akijaribu kurudi kwenye tumbaku anajikuta akiwamiminia wasikilizaji masaibu ya ndoa yake. Anazungumza kwa haraka na kwa hofu, kwa kuwa mke anaweza kutokea wakati wowote, na mwishowe anatokea kweli. Katika *Krapp's Last Tape* ya Samuel Beckett, ya mwaka 1958, mzee wa miaka 69 anaisikiliza sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa alipokuwa na miaka 39, akibishana nayo. Nasi hatuhitaji kwenda mbali: Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania, mzaliwa wa Kilwa, alichapisha mwaka 1976 *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, kazi mbili zilizojengwa juu ya utambaji wa hadithi, zinazobebwa na mtambaji mmoja. Zisome kwa sauti, si kwa macho, kwa maana utambaji wetu haumwachi msikilizaji akae kama gogo. Anayeitikia hadithi ameshakuwa mhusika ndani yake.

Sasa turudi jikoni kwa mama mkubwa. Tuseme tumemweka mbele yake binti yake wa mwisho, na jioni hiyo hiyo watu wa posa wanakuja baada ya sala ya Isha. Kijana anayemposa amepata kazi katika meli. Mama anataka posa hiyo isipokewe, lakini kuna kitu kinachomfunga mdomo: miaka yote amemwambia binti kwamba karo ya shule ilitumwa na baba yake kutoka baharini, ilhali ilitoka katika karai la mahamri. Ili amzuie mtoto, itambidi auvunje uongo wake mwenyewe, na muda anao mpaka adhana tu. Ona jinsi mlango ulivyofunguka. Maneno yako ya mwanzo, ambayo yametueleza kila kitu na kwa hiyo yakatunyima hamu ya kujua zaidi, yanaweza kuwa haya:

"Usiukandamize hivyo, utakuwa mgumu. Nipe mimi. … Wamesema wanakuja baada ya Isha? Haya. … Na meli yake inang'oa nanga lini? … Miezi tisa. Nami niliambiwa miezi tisa."

Hapo hajasema kwamba aliolewa, wala kwamba mumewe alikuwa baharia, wala kwamba hakurudi, na bado hakuna mtu ukumbini atakayekuwa hajaelewa. Kwenye zile nukta binti anajibu, nasi tunayasikia majibu yake usoni pako. Huu ni mfano tu, mwanangu, usiunakili. Pengine msikilizaji wako ni mama mkwe aliye kitandani hajiwezi, au ni mume mwenyewe aliyerudi mzee na kukaa kibarazani. Uamuzi ni wako, ila uuamue kabla ya kuandika sentensi nyingine.

Unga nao utumie, maana ni zawadi ambayo hukuiona. Ukande nyumbani mapema, kwa tui na iliki kama ilivyo desturi, ufike ukumbini ukiwa umeumuka, na jukwaani ufanye kazi ya kusukuma na kukata peke yake. Usithubutu kukaanga mbele ya watu. Mafuta ya moto na pazia havikai pamoja, na hakuna mwenye ukumbi mwenye akili timamu atakayekuruhusu. Kila donge lipewe sehemu yake ya maneno. Mikono ikienda kwa kasi yake ya kila siku huku mdomo unasema jambo la kuumiza, hadhira itaona mwanamke aliyezoea kufanya kazi akiwa na uchungu. Na mikono ikisimama, hata kwa sekunde chache tu, kila mtu atajua kwamba neno linalofuata ni zito, bila wewe kupandisha sauti hata kidogo. Harufu ya iliki itawafikia walio mstari wa mbele, na hiyo hulipii.

Wahusika tisa ni wengi mno. Ningebakisha mume, mama mkwe na jirani, nao wasiingie wenyewe. Waingie kwa kuigwa na mama huyu anapomsimulia binti yake. Tofauti yake ni kubwa. Jirani unayemwigiza wewe ni mwanamke mcheshi, lakini jirani anayeigwa na mwanamke aliyeumizwa na maneno yake ana kicheko chenye sumu ndani, na mume tutamwona alivyobaki katika kumbukumbu ya mke, pengine mzuri kuliko alivyokuwa. Kofia zote ziweke kabatini. Leso moja inatosha: kiunoni akiwa kazini, kichwani akimwiga mama mkwe, na ikikunjwa mikononi ikawa mtoto mchanga.

Badala ya kofia, tumia macho. Binti akae mahali pamoja tu, tuseme chini upande wa kushoto juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi, na usimhamishe hata kwa upana wa kiganja. Mume awe mbali, juu ya vichwa vya watu, kuelekea mlango wa kuingilia. Mama mkwe awe karibu sana, upande wa kulia, kiasi cha kukulazimisha urudishe kidevu nyuma. Unapombadili mhusika, pumzi ibadilike kwanza, kisha mwili, kisha jicho, na sauti iwe ya mwisho. Wengi huanza na sauti, nayo ikabaki inaelea bila mwenyewe.

Katika mazoezi, mwombe mwenzako mmoja wa kozi akae kweli mahali pa binti, asiseme neno, lakini awe na ruhusa ya kuinuka na kuondoka pale atakapohisi kwamba huzungumzi naye tena. Uchungu wa kuona mgongo wake utakufundisha zaidi ya barua yangu. Akishakaa mpaka mwisho, mwondoe, ubaki na kibao kitupu. Tafuta pia mwelekezi, hata kama kozi hailazimishi; kuigiza peke yako hakumaanishi kujitazama peke yako. Na usiandike maneno ya kujaza dakika 40: kazi ya mikono na ukimya vitachukua sehemu yake, nawe utashangaa kuona maandishi yanahitaji kupunguzwa.

Kuhusu sauti, nadhani nusu ya tatizo itaondoka pamoja na manamba. Bado unapiga kelele za bwaloni katika chumba cha darasa. Pasha sauti kabla ya kuanza, kunywa maji mchana kutwa badala ya kungoja koo likauke, acha kukohoakohoa ili kulisafisha, na usidhani kunong'ona ni kuipumzisha sauti, kwa maana kunaweza kuichosha zaidi; ukitaka kuipumzisha, nyamaza. Mkwaruzo ukiendelea kupita wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Nairobi haikimbii. Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya sanaa za maonyesho, na kuishi karibu na Kenya National Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1952, kuna faida yake kwa mtu anayetaka kutazama kazi nyingi za wengine. Lakini shahada haitakuandikia onyesho hili, na onyesho lililokamilika, ambalo unaweza kulibeba katika mkoba mmoja pamoja na kibao na leso, litakufungulia milango mingi zaidi kuliko nia ya kwenda kusoma. Limalize hapa. Litafutie chumba kidogo: Little Theatre Club kule Mbaraki, au kituo cha vijana cha Swahilipot karibu na Ngome ya Yesu, au hata ua wa nyumba Mji wa Kale wenye watu thelathini. Uwanja wa Mama Ngina uache kwa sasa, kwa kuwa upepo wa bahari utakupokonya maneno, na ukiwekewa kipaza sauti utapoteza ule unong'onezi ambao ndio nguvu ya jiko.

Nimemweka mama mkubwa mwisho kwa sababu hutaweza kumwendea kabla ya kujua unataka kumwomba nini. Wako waigizaji wanaofanya kazi kwa maneno halisi ya watu. Mmarekani Anna Deavere Smith aliwahoji wakazi wa Crown Heights, mtaa wa Brooklyn, baada ya ghasia za Agosti 1991, na mwaka uliofuata akayaigiza maneno yao peke yake, mtu mmoja baada ya mwingine. Lakini waliozungumza naye walijua kwamba wanahojiwa. Mama mkubwa alizungumza na mtoto wa mdogo wake, jikoni kwake, mikono yao imejaa unga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inayalinda maandishi yako wewe, nawe unaweza kuyasajili katika Bodi ya Hakimiliki, lakini haitakusaidia kumtazama usoni siku ya Idi.

Wala usijidanganye kwamba kubadilisha jina kunatosha. Mombasa hii watu wanajuana. Muuza mahamri wa Likoni aliyeachwa na baharia atatambuliwa na nusu ya ukumbi kabla hujasukuma donge la kwanza. Mama yako anaposema uachane na kisa cha watu, nadhani analijua hilo kuliko sisi sote.

Nenda kwake peke yako, bila mama yako na bila yule aliyempenyezea habari, na uende siku ambayo hana biashara. Mwambie kwamba ulipaswa kumuuliza kabla, kisha usijitetee. Ukimya wake usiuhesabu kuwa ni ruhusa wala kuwa ni katazo, kwa kuwa huenda anangoja uwe wa kwanza kulitaja. Msomee maandishi mapya, yale yenye posa na binti, umpe kalamu mkononi, au uishike wewe yeye akuonyeshe, na kila atakalosema litoke ulitoe mbele yake. Nina hakika kiasi kwamba atakurekebisha pia. Atakwambia mwanamke hakandi unga hivyo, au mama mkwe hakusema maneno hayo bali haya, nawe utaondoka na onyesho bora kuliko lile uliloingia nalo. Akikubali, muulize kando kama angependa kuja kutazama, maana wapo wanaoruhusu kisa kisimuliwe lakini hawataki kukaa miongoni mwa watu wanaokisikiliza, na hilo uliheshimu bila kumbembeleza.

Akikataa, mpe jibu lake pale pale kwamba umesikia. Kisha uondoe Likoni, uondoe mahamri, na mume umtoe baharini. Mama yako mpya anaweza kuwa mshona kofia, mwenye sindano na uzi mikononi mwake, na mume aliyekwenda Arabuni kuendesha malori. Sindano nayo husimama neno zito linapokaribia. Posa, uongo wa karo na binti anayengoja jibu havikutoka kwa mama mkubwa, kwa hiyo hivyo unaweza kubaki navyo.